Mbuzi wa Susu Ndani ya Ithembo

Jumapili iliyopita nilifika Mwingi kumtembelea ndugu yangu mdogo, ambaye siku hizi lazima umwite Nabii. Nilimkuta hemani, suti nyeupe kama unga wa dukani, anaambia watu nyumba zao zimejaa mapepo, wasiguse mlango mpaka waupake mafuta yake. Watu wazima wanatetemeka! Nilitaka kucheka, rafiki yangu, lakini nilikuwa nimewekwa kiti cha mbele.

Huyo Nabii alikuwa na miezi minne mama yetu alipofariki. Tulikuwa Nuu, kiangazi kimekaza, ng'ombe wote wameanguka. Susu, yaani nyanya yetu, alibaki na mbuzi mmoja wa maziwa, mwekundu, na hayo maziwa ndiyo yaliweka mtoto hai. Mimi, msichana wa miaka tisa, nilipewa kumchunga. Nikalala. Jua la Nuu wewe hulijui, usinihukumu. Nilipoamka mbuzi alikuwa ndani ya ithembo, kile kichaka cha matambiko, anatafuna majani ya miungu bila wasiwasi.

Sasa, ithembo ilikuwa na sheria yake: mnyama akiingia kwa miguu yake mwenyewe, amejitoa, harudi. Na kijiti cha mle hakivunjwi. Nilikimbia nyumbani nikilia, nikakuta mtoto analia pia, yeye kwa njaa.

Susu aliweka chini ungo wa ndengu, akakaza leso, akaenda. Jirani yetu, mzee wa ithembo, alishafika, amesimama na fimbo yake, uso umejaa raha.

"Mwaitu," akamwita, yaani mama kwa Kikamba, "rudi! Hiyo ni mbuzi ya wenyewe sasa. Ukiingia huoni mavuno."

"Wenyewe wako wapi? Waite wamkamue, mtoto analia."

"Unacheka miungu?"

"Mungu wangu aliumba huyo mbuzi, na hicho kichaka, na wewe, na hiyo fimbo yako. Hawa wako wameshindwa kufunga mbuzi kamba. Mimi wataniua na nini?"

Akaingia, akamtoa. Halafu akarudi tena ndani, akavunja kijiti, akanichapa nacho kwa kulala kazini. Kiboko cha miungu, nakuambia, kinauma kama kingine chochote.

Basi yule mzee akawa anapita kwetu kila asubuhi kuangalia kama susu amekufa. "Umeamka, Mwaitu?" "Niko, mzee, pole sana." Mavuno yakaja, machache, susu akavuna. Mwaka huo huo mzee akashikwa na kifua, na susu akampelekea kibuyu cha maziwa ya mbuzi yule yule. Alikunywa macho yakiwa chini.

"Maliza," susu akamwambia. "Mungu wangu hali mbuzi."

Kichaka kile hakiko tena. Kilikatwa makaa, gunia kwa gunia, na hakuna aliyekufa. Mzee naye alienda, na kusema kweli namkosa: alikuwa mjinga, lakini kile alichotutishia kilimtisha yeye mwenyewe kwanza. Susu pia alienda, na tangu hapo sijaona mtu ambaye Mungu wake ni mkubwa kiasi kile. Wengi wetu tumehama kichaka tu, tukaingia hemani.