Sala Niliyoiruka Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu ile nilitoka zamu ya usiku mgodini, nikalala kwa saa mbili tu, nikaenda kanisani kusoma maombi. Hapa Kolwezi kuyasoma ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi. Wengine wote wana akili ya kujificha msomaji anapotafutwa. Maombi ni kumi, na kwa kila ombi watu hupiga magoti kwenye saruji, kisha husimama tena. Nilipofika kwenye sala ya kuwaombea Wayahudi, nikaona bibi mmoja akijivuta kwa benchi ili ainuke. Nikairuka. Mtaani kwetu hakuna Myahudi hata mmoja, nikajiambia, nani atanishitaki?

Mama alinishitaki. Jioni, akisonga bukari, aliuliza ile sala imekwenda wapi. Kwa uchovu nikamjibu vile nilivyokuwa nikiwafundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa: wale walimkataa Bwana, Mungu akawaacha, sisi tukachukua nafasi yao.

Akaacha kusonga. "Na yaya yako," akasema, "naye Mungu alimutupa?"

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, hajakanyaga kanisa tangu sisi watu wa Kasai tulipofukuzwa hapa na kupakiwa kwenye treni, baba akafia njiani. Mimi na mama tulirudi Kolwezi baadaye. Yeye alibaki Mbuji-Mayi, kule Kasai, akasema Mungu aliyetazama yale yote asimtafute. Mama hulala na jambo hilo, huamka nalo.

Nilijaribu kusema hayo ni mambo mawili tofauti.

"Mungu ni yule yule. Kama alitupa batoto yake ba kwanza, wa kwangu atamushika namna gani?"

Nilitamani kitanda, si mjadala. Lakini jibu nililijua. Mtume mwenyewe, Myahudi, aliwaandikia Warumi kwamba Mungu hajutii alichokwisha kutoa, na kwamba tawi lililopandikizwa lisijivune mbele ya shina. Nimelisoma fungu hilo kwa sauti mara ngapi? Nikamwambia, hapana, mama, hajawatupa. Akaniambia nikaseme hivyo palepale kanisani nilipowaruka.

Ijumaa Kuu ya mwaka uliofuata niliisoma sala ile yote, polepole. Watu walipiga magoti wakiguna. Mama alikuwa benchi la mbele, amefumba macho, na nilijua anamwombea nani.

Mimi sikufurahi. Niliona aibu. Kwa miaka yote ile nilikuwa mtoto mwema, yule aliyebaki na mama, na nilikuwa nimeizoea nafasi ya mwenzangu. Kila Jumapili nilimwombea kaka arudi, na sikutaka arudi.