Hodi ya Bibi Rahila

Bibi Rahila hakuwa mtu wa kuvuka mlango kimyakimya. Hata jikoni mwake mwenyewe, pale Darsait, alipiga hodi kwanza, na kama hamna mtu alijiitikia karibu, ndipo akaingia. Alizaliwa Wete, Pemba, akaja Maskati kumfuata mwanawe Marhoon akiwa mtu mzima tayari. Alikaanga sambusa za harusi za watu, na Kiarabu chake cha kuokoteza kiliwachekesha wauza samaki wa soko la Matrah. Naye akicheka nao, kisha akaondoka na samaki mnono kuliko wote.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Babake alizaliwa katika nyumba za mawe zilizobanwa ubavuni mwa jabali, huko nyuma ya mji wa Nizwa, nyumba zilizohamwa zamani. Alikufa Pemba akizisimulia.

"Siku n'kifika," Bibi alizoea kumwambia mjukuu wake Kawthar, "n'tapiga hodi pale mlangoni, nisikilize kama mzee ataniitikia."

Ijumaa moja ya mwaka 2001, Marhoon akajaza petroli, mkewe Zakiya akafunga mikate ya kumimina na chupa ya chai, safari ikawa safari. Kawthar akaomba Shaikha, rafiki yake wa shule, naye aje. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana darasani kulikuwa na wasichana waliotamka "Zinjibari", yaani mtu wa Zanzibar, kwa kubinua midomo, na Kawthar, ili asiwe mmoja wa wanaobinuliwa midomo, alimwambia Shaikha kwamba nyumbani kwao husemwa Kiarabu tupu. Wazazi hawakumtia wasiwasi. Mbele ya mgeni wasingesema lugha asiyoijua. Wasiwasi ulikuwa kwa Bibi.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kumpitia Shaikha kwao Ansab, alimfuata Bibi chumbani na kumwomba, macho kwenye zulia, leo asiseme Kiswahili.

Bibi alikuwa akijifunga mtandio. Akaumaliza kwanza.

"Na Kiarabu changu si kinachekesha?"

"Basi usiseme sana, bibi."

"Haya, mwanangu. N'tanyamaza."

Akanyamaza kweli. Nizwa wakaipita, lami ikaisha, gari likarukaruka juu ya mawe. Marhoon akatania kwa Kiarabu kwamba leo mama kameza ufunguo, na Bibi akatabasamu tu. Shaikha akamwekea mto mgongoni.

Kupanda kulikuwa kwa kushikwa mkono huku na huku, wakipumzika kila penye kivuli. Na nyumba zilikuwapo, chini ya mwamba ulioinama kama upenu: kuta za mawe na udongo, vidirisha vya kupitisha kichwa cha mbuzi, dari nyeusi kwa moshi wa watu waliokwisha kwenda. Kawthar akajiuliza maji walipandishaje, na watoto wao hawakuporomoka? Marhoon akaifuata safu mpaka mlango wa mwisho, wenye mtungi uliojengewa ukutani, kama babu yake alivyosimulia.

Wakainama, wakaingia. Bibi alibaki kizingitini. Akaweka kiganja juu ya mwimo, akafungua mdomo. Kisha akamtazama Kawthar, aliyesimama ndani bega kwa bega na Shaikha, akaufumba.

Marhoon alipomwita aingie, alitikisa kichwa na kujigusa magoti, eti yamechoka. Akaketi nje, juani.

Kawthar alijua kuwa si magoti. Lilikuwa neno moja tu, na hata yeye angeweza kumsaidia kulisema. Akageuka, akamwonyesha Shaikha mtungi.

Wakati wa kurudi, Shaikha alipofika kwao alimbusu Bibi kichwani, akamnong'oneza Kawthar kwamba bibi yake ni mpole mno. Hilo lilimchoma kuliko kubinuliwa midomo. Na walipofika nyumbani akamsikia baba yake akimwambia mama kwamba bibi hataweza tena kupanda kule, leo ndiyo basi.

Akajifungia chumbani. Baada ya magharibi akasikia harufu ya chai ya tangawizi, na chini ya mlango akaona kivuli cha miguu miwili. Akangoja hodi. Haikuja. Miguu ilisimama pale pale, na chai bila shaka ikipoa. Hakuna aliyekuwa amemwambia Bibi kwamba ile ahadi imekwisha.

"Karibu, bibi," alisema Kawthar. Akarudia, kwa sauti zaidi.

Miguu ile haikusogea upesi.