Rejeta Iliyoibwa Kwenye Boti

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, ingawa kuna mzee mmoja hapa Nyeri ambaye nikikutana naye sokoni bado natazama viatu vyangu kwa aibu.

Mimi ni fundi wa magari, na fundi wa kwetu hasemi "sijui", heri adanganye akiwa ameshika spana. Kwa hiyo Mama Nyokabi aliponipigia simu ati amepata boti ya zamani ya mbao kwenye banda la shamba alilonunua, na mteja wa Naivasha anataka kwanza kujua ina injini gani, nilimjibu, "Hiyo ni kazi ndogo, mama." (Boti nilikuwa nimeiona kwenye kalenda.)

Nikafika na ovaroli safi, majirani wakajaa mlangoni kumwona mtaalamu, nikainama, nikahesabu plagi nne, nikaona rangi ya kijani iliyobabuka, nikatangaza, "Hii ni ya trekta." Hapo ningenyamaza ningekunywa chai yangu nikaenda zangu, lakini mdomo uliponza kichwa. Nikatafuta rejeta ya kupozea injini, hakuna, feni, hakuna, nikasimama wima kama mpelelezi. "Mama, umeibiwa. Wameng'oa rejeta!"

Mama Nyokabi akamgeukia mlinzi, Mzee Githinji, aliyekuwa pale tangu enzi za mwenye shamba wa kwanza.

"Ufunguo ya hii banda iko na nani?"

"Iko na mimi."

"Basi leo ndio mwisho yako hapa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba rejeta ya shaba ina soko sana kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kule Karatina.

Mzee akamkabidhi Mama Nyokabi ufunguo. "Nipeni dakika kumi, ndio niende." Akaburuta pipa la maji mpaka kwenye boti, akatumbukiza ndani yake mpira wa maji uliotoka kwenye injini, akazungusha hendeli, na injini ikanguruma. Mara nikaona maji yanamwagika kwenye ekzosi, bomba la moshi, nikaruka nikipiga mayowe, "Zima! Zima! Gasketi imekufa, maji yameingia kwenye injini!" (Ng'ombe wa jirani waliitikia.)

Akazima, polepole. "Fundi, hii haijawahi kuwa na rejeta. Kwa bwawa inanyonya maji, inapoa, inatema nyuma. Naiwasha hivi kila Jumamosi, isikwame." Kisha akapangusa grisi kwa kofia yake, na hapo kikatokea kibati chenye namba ya injini na picha ya nanga: kumbe ni injini ya boti tangu kiwandani, si ya trekta.

Majirani walicheka mpaka wakashikana. Mama Nyokabi hakucheka. Alimrudishia mzee ufunguo kwa mikono miwili, akaniangalia. "Yaani ulikuwa uniache nifukuze huyu mzee, badala ya kusema hujui?"

Nilikusanya spana zangu nikaondoka bila chai. Ila nimeapa, nikiona kitu hakipo, nitauliza kwanza kama kiliwahi kuwepo, na nisichokijua nitasema sijui, hata mbele ya umati. Mjini sasa naitwa Rejeta. Mzee Githinji peke yake ndiye bado ananiita Fundi, na hilo ndilo linaloniuma.