Funda la Maji la Bibi Augusta

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mimi ni katekista wa kigango kimoja nje ya Njombe. Sheria ya Kanisa naijua: anayetaka Komunyo, tangu saa sita ya usiku hapitishi kitu kooni, hata maji. Angekuja Bwana DC mwenyewe, ningemwambia hivyo hivyo.

Jumapili hii nilisimama mlangoni kuwahoji waumini. Bibi Augusta, mjane wa jirani yangu, akasema ukweli: alfajiri kikohozi kilimbana, akanywa funda moja la maji.

"Funda zima!" nikafoka mbele ya watu. "Bwana wetu alivumilia kiu msalabani, wewe kikohozi tu kinakushinda? Kakae nyuma!"

Akaenda nyuma, akijifunika kaniki yake. Nikajiona nimelitetea Kanisa.

Wakati wa Komunyo nilipiga magoti wa kwanza, macho nimefumba, ulimi nje. Nikangoja. Nilipofumbua macho, Padre alikuwa akiyatazama masharubu yangu.

"Katekista, povu gani hilo limekukaukia?"

Nikapapasa. Ulanzi! Alfajiri nilipita kwenye mianzi yangu kuteka pombe, nikaonja huku na huku kujua upi umekolea, kama afanyavyo mgema yeyote. Tangu lini kuonja kukawa kunywa? Mkono ulijiendea wenyewe!

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma:

"Msamehe, Padre. Naye alibanwa na kikohozi."