Namba Saba Mbili

Siku yangu ya kwanza ya kutunza vifaa vya timu ya taifa ya wanawake, kocha mkuu alinikabidhi begi la jezi akasema, "Mama Ifakara, ikipotea soksi moja utacheza wewe." Nilikuwa nimetoka kuuza mchele sokoni, kwa hiyo nikahesabu mara mbili: jezi ishirini. Nikasaini.

Mechi yetu ya kwanza nchi jirani, kamishna wa mchezo, yaani mkaguzi wa kila kitu kabla ya mechi, alitandaza jezi zetu mezani.

"Hizi saba mbili ni mapacha?"

Fundi alisahau kuchapa moja kwenye kumi na saba ya Sabina, binti wa Mlimba aliyekuwa akiichezea nchi kwa mara ya kwanza. Nilihesabu nguo, sikusoma namba.

"Huyo hachezi."

"Shikamoo, baba. Nipe nusu saa."

"Dakika kumi."

"Ishirini."

"Kumi na tano, mama, na usiniongezee shikamoo."

Nikabandika plasta ya daktari wa timu mgongoni, ikawa kumi na saba. Kipindi cha pili mvua ikanyesha, plasta ikabanduka. Dakika za mwisho Sabina akafunga goli pekee la mechi. Ripoti ya mwamuzi hatukuisoma. Tulihesabu goli, tukacheza ngoma.

Nilipita mikononi mwa makocha wakuu wanne, nikastaafu, nikarudi kwetu Lumemo, Ifakara. Mwezi uliopita Sabina alikuja na gunia la mchele na simu. "Mama, tazama rekodi zetu za kimataifa."

Ushindi ule upo, moja bila. Mfungaji: namba saba, nahodha wetu. Nikasoma mara mbili.

"Wanangu wamecheka," alisema. "Wanasema mama muongo."

Barua ya marekebisho tumeipeleka, nahodha mwenyewe ametia saini. Jibu bado. Lakini siku ya kukabidhi vifaa nilipostaafu, jezi moja niliiandika "chakavu", nikaondoka nayo. Siku hiyo aliyokuja Sabina, nikaitoa sandukuni. Alama ya gundi ipo palepale, imesimama kando ya saba.

Nyinyi mnaoanza kazi, hesabuni mnavyotaka, ila someni kwanza.

Sabina akaivaa juu ya gauni, akageuza shingo. "Iko mgongoni, mama. Mimi siioni."

"Geuka uende nyumbani," nikamwambia. "Wanao wataiona."