Moshi wa Kibuyu cha Darmi

Ukifika soko la Garsen asubuhi, utamkuta Darmi kando yangu na vibuyu vyake vya maziwa, akitaniana na wateja. Mimi Mbodze, mama Kitsao, nauza mihogo, na mdomo wangu haujui likizo, lakini kwa Darmi nasalimu amri. Atamuuzia maziwa mtu aliyekuja kununua kamba.

Waorma hufukiza vibuyu. Kijinga cha moto huingizwa ndani, kibuyu hutikiswa, na maziwa yakitiwa hunukia vizuri na hayaharibiki upesi. Binti wa Kiorma asiyefukiza ni kama Mgiriama asiyejua kukuna nazi. Basi Darmi hakuwa akifukiza. Alipokuwa na miaka minane kijiji chao kilichomwa alfajiri, akajificha kwenye matete peke yake, akitazama nyumba yao ikiteketea. Tangu hapo, moshi ukimfikia moyo humwenda mbio na kichwa humgonga. Umri wake bado mdogo, lakini presha yake ni ya bibi yangu. Muuguzi wa zahanati alimweleza kwamba mtoto akikaa na hofu kubwa bila mtu wa kumtuliza, mwili hujifunza kukesha, na ukubwani bado unakesha. Akampa dawa.

Kazi ya kufukiza nikaichukua mimi. Wiki ya kwanza chai ya Garsen nzima ilikuwa na ladha ya jivu. Sikuomba radhi, nilikuwa najifunza.

Shida ilikuja kwa Ruwaida, binti wa Darmi wa miaka mitano. Siku ya kwanza ya chekechea, mpishi wa uji alipowasha kuni, mtoto alichomoka mbio hadi sokoni akajificha chini ya meza yangu. Kesho yake vilevile. Mwalimu akasema akikimbia tena, bora akae nyumbani mpaka mwakani. Nilikasirika sana, nikamgeukia Darmi.

"Mama Ruwaida, huyu hajawahi kuona nyumba ikiungua. Hofu hii kaitoa wapi?"

Darmi akaweka kibuyu chini. "Kwangu, Mama Kitsao. Kila siku naona moshi, nakimbia. Yeye ananitazama."

Jioni akaniita kwake. Aliketi mbele ya meko, Ruwaida kajificha nyuma yangu, kang'ang'ania leso yangu. Darmi akachukua kijinga, jasho likimtiririka, akakitia kibuyuni.

"Mama, mikono yako inatetemeka," mtoto akasema.

"Ndiyo, inatetemeka. Mama anaogopa," Darmi akajibu. "Lakini moshi huu ni wa maziwa. Njoo unishikie kifuniko."

Ruwaida alifikiri weee. Kisha akaiachia leso yangu.

Maziwa ya kibuyu kile yalikuwa machungu, maana moshi ulizidi. Wateja waliyaonja wakakunja nyuso. Niliyanywa yote mimi, machozi yakinitoka, nikasingizia vitunguu, na vitunguu siuzi.

Presha Darmi bado anayo, na dawa anameza. Siku hizi anafukiza mwenyewe, ingawa siku nyingine mikono inamkataa na ananipa mimi. Ruwaida naye yuko shuleni. Juzi nilipeleka mihogo pale nikakuta mtoto mgeni kajibanza ukutani, analia kwa kuogopa moto wa jikoni. Ruwaida akamwendea, akamshika mkono.

"Hata mama yangu anaogopa," akamwambia. "Twende tu, uji unapoa."