Siku Nilipoichukua Pikipiki ya Fundi

Nilifika gereji pale Mkomaindo, Masasi, saa mbili asubuhi, suti mwilini, viatu vinang'aa, napiga mluzi. Saa nne mpwa wangu wa Newala, binti wa dada yangu, alikuwa anafunga ndoa. Baba yake alishafariki, na hata angekuwa hai, kwetu mpwa haozwi mjomba akiwa hayupo. Mimi ndiye niliyetakiwa kumshika mkono na kumwingiza kanisani. Jana yake alinipigia simu: "Mjomba, bila wewe siingii."

Gari nilikuwa nimeliacha kwa fundi abadilishe pedi za breki, basi. Nililikuta juu ya mawe, mchanga chini yake mweusi tii. Fundi aliweka jeki mahali pasipo pake, ikatoboa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote ikamwagika.

"Mtani," akaniambia bila hata haya, "gari lako limekojoa. Limeogopa harusi!"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Damu ilinichemka. Lakini mimi na yule bwana ni watani tangu kwa mababu. Ukoo wake ndio unaokuja kutuchekesha hata misibani. Mtani hakasirikiwi. Ukinuna umeshindwa, na Masasi nzima itajua kabla ya adhuhuri. Nikauliza sampo nyingine itapatikana lini.

"Kesho, Mungu akipenda."

Kesho! Na basi la asubuhi lilishaondoka.

Ndipo nikaiona pikipiki yake. Mpya, nyekundu, kiti bado kina nailoni ya dukani. Hakuruhusu mtu hata kuiegemea. Ufunguo unaning'inia palepale. Moyo ulinidunda kwa furaha kama mtoto aliyekuta sufuria ya nyama haina mwenyewe.

"Mtani, hii naichukua," nikasema, nikapanda.

Kicheko kilimkauka. "Mtani, hapana! Hiyo bado haijazoea..."

"Unanuna?"

Angefanya nini? Mtani akichukua kitu cha mtani wake, sheria ni ileile. Nikawasha, na safari hii wenzake walikuwa wanamcheka yeye. Nilimpigia kelele kwamba ataiona tena siku gari langu litakapowaka. Sampo alinunua mwenyewe, akaifunga bure, na gari liliwaka baada ya siku mbili.

Jamani, nilikimbiza! Tai inapepea begani, naimba peke yangu, na mlima wa Newala niliupanda huku nikipiga honi bila sababu. Mahali wanapotengeneza barabara, lori likanimwagia vumbi jekundu kuanzia kichwani hadi viatuni. Sikujali. Kwa umri wangu huu, sikumbuki ni lini nilifurahi vile.

Nilifika saa nne na nusu. Harusi nzima ilikuwa imesimama nje ya kanisa, padri anatazama saa, na mpwa wangu yuko mlangoni na shela lake, amegoma kuingia. Aliponitambua alipiga kigelegele yeye mwenyewe, bibi harusi, wanawake wakakidaka.

"Shikamoo, mjomba!" Alikuwa analia na kucheka.

"Marahaba, mama."

Dada yangu akanijia mbio na kanga anipanguse, huku akilalamika kwamba nitalichafua gauni jeupe. Mpwa wangu akauchukua mkono wangu, akaukumbatia na vumbi lake.

"Mama, mwache hivyohivyo," akasema. "Watu wamwone mjomba wangu alivyokuja."